Mita 60 zipewe kazi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatukataza kufanya shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kila mwenye bustani ya mboga mtoni anaijua namba hiyo, maana ndiyo anayosomewa siku ya kufukuzwa. Nimekuwa bibi shamba zaidi ya nusu ya umri wangu, Urambo kwanza kisha Morogoro, na nimekaa katika mikutano mingi ya vijiji ambako mita 60 zilitajwa kwa ukali. Sikuwahi kusikia mtu akieleza kwamba zikishaachwa wazi zitafanya kazi gani. Matokeo yake tunayaona kando ya mto Ngerengere na kwingineko: anaingia mwenye mchicha, anafuata mchoma tofali, kisha gari la mchanga, na mwisho anakuja mwenye msingi wa nyumba.

Nayasema haya baada ya kutembea kwa miguu kando ya mto Rhine, katikati ya Uholanzi, kutoka Wageningen hadi Amerongen. Ni kama kilomita 20, kazi ya kutwa. Nilikuwa na binti wa kaka yangu, anayesoma shahada ya uzamili Wageningen kama walivyosoma wataalamu wetu wengi wa kilimo kabla yake. Jioni aliponiambia, "Shangazi, kesho twende tukatembee mtoni," nilidhani tutakaa kwenye benchi, tule mkate, turudi.

Wageningen ni mji mdogo wa chuo kikuu, hauna hata kituo cha treni. Wenyeji wanaionea fahari Hotel de Wereld, ambako Mei 5, 1945 Jenerali Charles Foulkes wa Kanada alimwita Jenerali Blaskowitz wa Ujerumani kupanga namna majeshi ya Wajerumani nchini humo yatakavyosalimu amri. Tuliipita asubuhi, tukashuka hadi bandari ndogo ya mto, tukapanda tuta.

Tuta hilo linaitwa Grebbedijk. Juu yake unaona vizuri kuliko kwenye ramani yoyote. Mkono wa kulia kuna malisho na mapaa ya nyumba zilizo chini kuliko miguu yako, na mkono wa kushoto kuna uwanda mpana wa majani na madimbwi, kisha mto wenyewe, mbali kidogo. Machi 1855 tuta hili lilipasuka na maji yakaingia bondeni hadi Veenendaal. Kwa hiyo Waholanzi wa hapa hawahitaji semina ili waelewe maana ya mafuriko. Huo uwanda wa kushoto ndio mita 60 zao, ila ni mpana zaidi, na ndani yake hakuna nyumba za watu zilizobanana. Zamani walijenga matuta mawili: dogo karibu na mto, la kuzuia maji ya majira ya joto ili majani yakatwe, na kubwa hili nililosimama juu yake, la kuzuia maji ya majira ya baridi. Katikati ya hayo mawili mto unaruhusiwa kuja kulala.

Tulishuka tutani na kuingia hifadhi ya Blauwe Kamer. Zamani walichimba hapa udongo wa tofali, na bomba la tanuru la kiwanda cha zamani bado limesimama. Mwaka 1992 walifanya jambo ambalo kijijini kwetu lingeitishiwa mkutano wa dharura: walilitoboa tuta dogo kwa makusudi ili mto uingie utakavyo. Mashimo ya udongo yakawa mabwawa. Wakaachia farasi wa Konik, uzao wa Poland, na ng'ombe wa Galloway wenye manyoya mazito na wasio na pembe, wakae humo mwaka mzima bila zizi. Kazi yao ni kula majani, ili uwanda usigeuke kichaka cha kuziba njia ya maji. Nikiwa mtu wa mifugo kidogo, niliwasogelea majike waliokuwa na watoto. Binti akanivuta mkono: "Mita 25, Shangazi, ndiyo desturi hapa." Nikatii.

Kwenye kibanda cha kuangalia ndege tulikuta wazee wawili wa Kiholanzi wametulia na darubini zao. Juu ya miti iliyosimama majini kulikuwa na domomwiko, weupe, mdomo kama jina lake linavyosema, na mnandi wakikausha mabawa. Wazee wale walitusogezea darubini bila kuulizwa, wakatuonyesha viota. Njiani huko salamu ni neno moja, na mtu ameshapita wakati mimi bado niko kwenye habari za nyumbani, lakini mbele ya ndege wanageuka wakarimu ajabu.

Nisimame hapa kidogo, maana ndipo hoja yangu ilipo. Ndani ya uwanda ule nilihesabu kazi nyingi zinazofanyika kwa wakati mmoja mahali pamoja. Mto unapata nafasi ya kupanuka, ng'ombe wanashiba, ndege wanazaa, na watu wanapita. Hili la watu kupita ndilo tunalolidharau. Mlangoni kuna geti dogo la kujifunga lenyewe, linalopitisha mtu na kumzuia farasi, na kibao kinachosema ruksa kuingia kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama. Hatukukuta mlinzi wala risiti. Pamoja na hayo, sikuona jinsi mtu angeweza kumwaga lori la kifusi pale bila kuonwa na wapita njia kabla ya saa nne asubuhi.

Baada ya hapo njia inapanda Grebbeberg, kilima cha mita 50 na ushee ambacho Waholanzi wanakiita mlima. Sikucheka, kwa sababu juu yake kuna makaburi ya askari. Mei 1940 waliilinda njia hii dhidi ya Wajerumani kwa siku tatu, na zaidi ya 400 wakafa. Mji wa Rhenen, chini kidogo, ulibomolewa katika vita hivyo ukajengwa upya, na mnara wa kanisa la Cunera, wenye mita 82, ndio unaokuongoza ukiwa bado mbali. Tulikula hapo. Supu ya njegere ilikuwa nzito, nzuri. Mkate sitausemea.

Kati ya Rhenen na Amerongen nilisimama ghafla. Mbele yangu lilikuwa bani la tumbaku. Jeusi, la mbao, refu, na mimi niliyeanzia kazi Urambo, kwenye tumbaku, sikuhitaji kuambiwa ni nini. Maeneo haya yalilima tumbaku tangu karne ya 17 hadi karne iliyopita. Tofauti ni kwamba wao walikausha kwa upepo, wakifungua na kufunga mbao za ukutani kufuatana na hali ya hewa, wakati mabani yetu ya tumbaku ya mvuke yanakula kuni. Nilimweleza binti kwa kirefu. Nadhani alichoka.

Amerongen penyewe ni kijiji cha tofali na kasri. Novemba 1918 Kaiser Wilhelm II, ambaye kwa jina lake bibi zetu walipigwa mijeledi mashambani na wanaume wakauawa katika Maji Maji, alikimbilia hapa na kupewa hifadhi na mwenye kasri, Godard Bentinck. Tarehe 28 ya mwezi huo alitia saini ya kuachia kiti akiwa ndani ya nyumba hiyo. Siku tatu kabla, Lettow-Vorbeck alikuwa amesalimisha silaha zake Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Nilitazama madirisha yale kwa muda, bila huruma. Kilichonivutia zaidi kiko nyuma ya kasri: uwanda mwingine wa mto, ng'ombe wengine, geti dogo jingine.

Najua jibu litakalotolewa, kwamba wale ni matajiri. Kweli. Mwanzoni mwa 1995 mito yao ilijaa kiasi cha kuhamisha watu kama 250,000, na baada ya hapo serikali ikatenga zaidi ya euro bilioni mbili kuipa mito nafasi katika sehemu zaidi ya 30. Pale Lent, mkabala na Nijmegen, tuta lilisogezwa nyuma mita 350, na nyumba zilizokuwa hapo zikaondolewa. Hatuna fedha hizo. Lakini nilivyoviona siku ile ni geti, kibao, njia iliyofyekwa, na ng'ombe, na katika hivyo vinne hakuna tusichokiweza.

Bonde la mto Msimbazi, Dar es Salaam, litatupima. Kila mkazi wa jiji hilo anakumbuka Jangwani ikiwa ziwa na karakana ya mabasi ya mwendokasi ikiwa ndani yake. Sasa bonde linafanyiwa mradi mkubwa, Uholanzi ikiwa miongoni mwa wafadhili, na watu wengi wamelipwa fidia wakaondoka. Ninachoogopa ni kile kipindi kati ya kubomoa na kujenga, pale ardhi inapobaki tupu, ina kibao cha "Eneo hili ni hifadhi" na haina mtu. Bonde likikaa tupu misimu miwili ya masika, litakuwa limeshagawanywa viwanja usiku.

Na wenzetu wa mito midogo, isiyo na mfadhili, wasisubiri. Nawaomba maofisa wa halmashauri wakutane na jumuiya za watumia maji na wagawe hizo mita 60 kwa kazi zinazovumilia maji: mabingobingo na matete ya kukatia ng'ombe wa ndani, mizinga ya nyuki mahali palipotulia, na njia ya miguu mfululizo, yenye upana wa watu wawili kupishana, ambayo wanafunzi na akina mama waendao sokoni wataipita kila siku. Mwenye bustani aliyeondolewa ndiye apewe majani hayo ayakate na kuyauza, kwa maandishi, badala ya kuachwa arudi usiku na jembe. Kwa Ngerengere niko tayari kuja kuwaonyesha pa kuanzia, na nauli nitajilipia.