Tasnifu Zirudi Vijijini

Kila mwaka wanafunzi wa shahada ya kwanza hupanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, Uru na Machame, hojaji mikononi. Mkulima huacha kazi za kihamba, akaeleza bei ya kahawa, hali ya mfongo na mwenendo wa chama chake cha msingi. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza, hupewa alama, huwekwa maktaba. Mwenye maneno yale haioni kamwe.

Hali hiyo haistahili kuendelea, Moshi hasa. Wakulima wa mlima huu waliunda chama cha wapanda kahawa mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Chuo cha Ushirika kilianza 1963, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Ni chuo kilichowafuata wakulima, si wakulima waliokifuata chuo.

Wapo wasemao tasnifu zifutwe, kwa kuwa wanafunzi wengine huandikiwa kwa malipo. Hoja hiyo ni dhaifu. Aliyeandikiwa atapata wapi ujasiri wa kusimama katika mkutano wa chama cha msingi, wazee wakamwuliza bei aliyoitaja aliipata kwa nani? Hapana budi sharti liongezwe, wala si lipunguzwe: muhtasari wa kurasa mbili, kwa Kiswahili fasaha, usomwe mbele ya waliohojiwa kabla alama hazijatolewa. Gharama yake ni nauli na karatasi. Nao maofisa ushirika wa wilaya waanze sasa kudai nakala za tasnifu zilizoandikwa juu ya vyama wanavyovisimamia.