Salio linapomdanganya mtoto anayesoma Marekani

Watanzania wengi wameshajifunza, baadhi yao kwa kulizwa, namna ya kushughulika na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mtu akipiga simu kudai ametuma pesa kimakosa na anaomba arudishiwe, mzazi aliyeshtuka mapema hajibu kitu kabla hajaangalia salio. Salio halijaongezeka? Simu inakatwa, namba inafungiwa, shughuli zinaendelea.

Kinga hiyohiyo ndiyo wanayoondoka nayo vijana wanaokwenda kusoma Marekani. Bahati mbaya, huko kuna utapeli ambao kijana akiangalia salio, anakuta pesa ipo kweli. Ni utapeli wa hundi feki, na unawalenga sana watu wa umri wake.

Kwa kijana wa miaka 20 aliyekulia kwenye pesa za simu, hundi ni karatasi ya ofisini aliyoisikia kwa wakubwa. Marekani bado inatumika kulipia pango, mshahara wa kibarua, hata zawadi ya bibi kwa mjukuu. Mwenye akaunti haendi hata benki: anaipiga picha mbele na nyuma kupitia programu ya benki kwenye simu, na mara nyingi kesho yake pesa zinaonekana kwenye akaunti.

Zinaonekana, lakini hundi bado haijalipwa. Tofauti hiyo ndiyo mtaji wa tapeli. Mwaka 1987 Marekani ilitunga sheria baada ya wateja kuchoka na benki zilizokuwa zikikalia pesa za hundi zao kwa siku nyingi. Sheria hiyo inailazimu benki kumruhusu mteja atumie sehemu ya pesa haraka. Kwa hundi ya kawaida, dola 225 za mwanzo zilitakiwa kupatikana siku ya kazi inayofuata, na tangu Julai 2025 kiwango hicho ni dola 275. Hundi ambayo benki yenyewe imejifunga kuilipa hufunguliwa haraka zaidi, ndiyo maana matapeli hupenda kuighushi.

Ni sheria nzuri iliyokusudiwa kumsaidia mnyonge, lakini ina mwanya. Wakati kijana anatumia pesa, benki iliyotajwa kwenye hundi bado haijasema kama inaitambua. Jibu linaweza kuchukua siku kadhaa, pengine wiki. Likija kwamba hundi ni ya kughushi, benki ya kijana inakata kiasi chote kwenye akaunti yake. Kama ameshakitumia, anadaiwa yeye. Tapeli haguswi, kwa kuwa jina lake halipo popote.

Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari kuhusu mchezo huu Januari 2017, likieleza jinsi wanafunzi wa vyuo wanavyopewa ajira za uongo za kazi ndogondogo za ofisini. Takwimu za Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, zinaonyesha ukubwa wake: mwaka 2019 pekee ilipokea ripoti zaidi ya 27,000 za hundi feki, na hasara iliyoripotiwa ilizidi dola milioni 28. Nusu ya waliopoteza pesa walipoteza zaidi ya dola 1,988, ambazo kwa fedha za nyumbani ni zaidi ya Sh4.5 milioni. Watu wa miaka ya ishirini waliripoti kulizwa zaidi ya mara mbili ya waliozidi umri huo.

Mambo huenda hivi. Baruapepe inaingia kwenye anwani ya chuo, wakati mwingine ikiwa na jina la profesa anayefundisha hapohapo. Anatafuta msaidizi wa kazi za mbali, saa chache kwa wiki, malipo mazuri. Hakuna usaili wa ana kwa ana, kwa kuwa "profesa" amesafiri. Hundi inakuja kwa posta au kama picha, na kiasi chake kinazidi ujira uliotajwa. Maelekezo yanafuata: chukua ujira wako, zinazobaki mtumie muuza vifaa, au nunua kadi za zawadi dukani, kwangua, piga picha namba za nyuma unitumie. Halafu inakuja haraka. Leo. Kabla ya saa kumi. Haraka hiyo ina sababu: tapeli anazihesabu siku za benki vizuri kuliko mwenye akaunti.

Wengine hulizwa wakiuza kitu mtandaoni. Mnunuzi wa kitanda cha dola 200 anatuma hundi ya dola 1,200, anaomba radhi kwa "kukosea", kisha anaomba chenji. Hata hundi ikiwa na jina la kampuni halisi na namba halisi ya akaunti, bado inaweza kuwa feki.

Kwa familia zilizo mbali, mzazi ana nafasi yake hapa, na akikosea anamsukuma mtoto shimoni. Binti anapiga simu: "Baba, nimepata kakazi, na hela imeshaingia." Baba aliyezoea pesa za simu atajibu, "Kama imeingia, basi mwanangu, shukuru Mungu." Swali la kumsaidia ni jingine: hundi imeshalipwa na benki iliyoitoa, au pesa zimeonekana tu? Na la pili ni zito zaidi: mwajiri gani anakupa pesa ili uzipeleke kwa mtu mwingine, wakati angeweza kumtumia mwenyewe? Karani wa benki naye akiulizwa "pesa zipo?" atasema zipo, na hatakuwa amedanganya. Aulizwe kama hundi bado inaweza kurudi.

Kinachowanyamazisha wanafunzi wa kigeni baada ya kulizwa ni viza. Mwenye viza ya F-1 kwa kawaida anaruhusiwa kazi za ndani ya chuo, zisizozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Za nje zinahitaji kibali. Kwa hiyo aliyekubali "kazi ya mbali" anaogopa kwamba akisema ameibiwa, atakuwa amejishtaki. Anakaa na deni la benki, hali vizuri, halali, na nyumbani anasema mambo ni mazuri. Mzazi anayesikia sauti imebadilika asianze na "kwani hukuona?" Aulize kwanza kama kijana amekula, ndipo aulize kuhusu pesa. Ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni ndiyo ya kuulizwa kuhusu viza, na ni bora aende siku hiyohiyo.

Benki iarifiwe mara moja, kwa namba iliyo nyuma ya kadi, kamwe si ile iliyochapwa kwenye hundi. Akinyamaza na deni, benki inaweza kufunga akaunti, na taarifa hiyo hukaa hadi miaka mitano kwenye kumbukumbu ambazo benki nyingine huzitazama kabla ya kumfungulia mteja akaunti. Kama alinunua kadi za zawadi, apigie kampuni iliyozitoa akiwa na kadi na risiti mkononi. Wakati mwingine salio huwa halijachukuliwa. Ripoti hupelekwa FTC kupitia ReportFraud.ftc.gov.

Na kama hundi bado iko mezani, haijapigwa picha, isiwekwe "kujaribu tu". Iende kwa polisi wa chuo pamoja na bahasha yake. Kama ilipita posta, bahasha hiyo ni ushahidi kwa wakaguzi wa posta ya Marekani, ambao nao wana mamlaka ya kuchunguza wizi wa aina hii.