Daftari za 8-4-4 zinaishia kufungia njugu

Wewe uliyefanya KCPE, daftari zako ziko wapi? Zangu zilifungia watu njugu.

Kule Rabai, Kilifi, kuna makumbusho pale Krapf alipoanzisha misheni 1846 na kufundisha watoto kusoma. Poa sana, ingawa watoto wa Pwani walikuwa wakisoma Kurani vyuoni kitambo kabla yake. Sasa sisi je? KCPE iliisha 2023, na KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ni 2027. Nani ameweka dawati lililochorwa majina, ama sanduku la bweni? Mimi koleji niliacha, lakini hiyo miaka ya darasani ni yangu pia. Shule yenu ya zamani haikosi kachumba. Nenda ukamwombe mwalimu mkuu, kabla watu wa vyuma kuukuu hawajafika.