Dakika Ishirini za Kumpima Mtoto wa Jabe

Si desturi yetu katika kurasa hizi kujishughulisha na mambo ya ofisi za vyuo. Kazi yetu ni lugha. Lakini lugha hiyohiyo ndiyo iliyotukokota mpaka mlangoni mwa ofisi hizo, na baada ya yale tuliyoyaona huko hatuwezi kurudi kwenye ngeli zetu na kunyamaza, kana kwamba hapakutokea kitu.

Jambo lenyewe ni hili. Chuo kimoja cha binafsi cha mjini Bujumbura, ambacho hatuna haja ya kukitaja jina, kiliwatangazia vijana wanaomaliza sekondari kwamba siku ya Jumamosi waje chuoni na vyeti vyao, wasailiwe, na kabla ya jua kuchwa kila mmoja apewe jibu: amekubaliwa au amekataliwa. Desturi hii si uzushi wa chuo hicho. Imezoeleka Marekani, ambako vyuo kadha wa kadha huwa na siku ya namna hiyo. Mwombaji huja na karatasi ya alama zake na fomu aliyokwisha kuijaza, hukaa na ofisa wa chuo kwa muda mfupi, kisha huondoka akiijua hatima yake. Aghalabu huko ada ya maombi husamehewa siku hiyo, na barua anayopewa mtu hufungwa kwa sharti la alama zake za mwisho. Wapo waliokuja kutusifia mpango huu, wakiwamo walimu wenzetu tunaowaheshimu. Wanasema kwamba huu ndio ustaarabu; mtoto hakai miezi akingoja; anaonwa kama mtu, hahesabiwi kama namba.

Hoja hiyo ina uzito, nasi tutaipa haki yake. Anayeishi Jabe anajua maana ya kungoja. Kijana akishafanya Mtihani wa Taifa huingia katika kipindi ambacho si cha shule wala si cha kazi. Msichana huletewa posa, na wazazi waliokuwa wamezikataa posa mbili huikubali ya tatu kwa kuchoka. Mvulana huenda kushika spana katika karakana za Buyenzi, kwanza ati kwa wiki mbili tu, na mwakani ukimtafuta utamkuta palepale chini ya gari. Wengine huvuka kwenda Uvira, au Kigoma, au hufuata njia ya Uarabuni. Kwa watu kama hao, jibu la siku moja laweza kuwa wokovu. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba sisi ni maadui wa haraka. Haraka hatuipingi. Tunachopinga ni kile kinachopimwa ndani ya haraka hiyo, na jinsi kinavyopimwa, na nani anayelipa makosa ya vipimo.

Tuliwasindikiza vijana kumi na mmoja wa Jabe, sisi walimu wawili, kwa kuwa wazazi wao walituomba. Walikuwa wamejipiga pasi tangu alfajiri. Ukumbini palikuwa na meza nne, na kila meza ilikuwa na wasaili wawili. Kila kijana alipewa kama dakika ishirini. Usaili ulifanywa kwa Kifaransa. Hatusemi kwamba hilo lenyewe ni kosa, maana masomo ya chuo ni kwa Kifaransa, na asiyekijua hatayafuata. Ila hakuna aliyeambiwa mapema kama usaili utakuwa kwa lugha ipi, wala kama kinachotazamwa ni ufasaha, au maarifa, au tabia. Tulipouliza mlangoni tulijibiwa kwa tabasamu: “Tunamtazama mtu mzima-mzima.” Ndugu wasomaji, likumbukeni jibu hilo, maana tutalirudia.

Kijana mmoja miongoni mwa wale kumi na mmoja alikuwa na alama za hisabati ambazo mwalimu yeyote angejivunia. Babaye ni fundi wa magari. Alipoulizwa anakaa wapi akajibu, “Jabe.” Msaili mmoja akamgeukia mwenzake akasema kwa Kirundi, kwa mzaha, neno moja tu: “Umuswahili.” Wakacheka kidogo, wakaendelea. Msomaji wa Mombasa au wa Unguja huenda akashangaa kuna kichekesho gani hapo. Kwake Mswahili ni mtu wa pwani, au ni msemaji wa Kiswahili, basi. Lakini katika Kirundi cha mitaani neno hilo limebeba mzigo mwingine kwa muda mrefu: mjanja, mlaghai, mtu wa maneno mengi asiyeaminika. Aliyeitwa hivyo mbele ya meza ya usaili amekwisha kuhukumiwa kabla ya swali la pili. Naye kijana alilisikia vizuri. Kuanzia hapo majibu yake yakawa ya neno mojamoja.

Aliandikiwa kwamba hakuonyesha kujiamini.

Sasa na tulichunguze neno hilo, kujiamini, kwa kuwa ndilo lililowaangusha watano kati ya wale kumi na mmoja. Mtoto wa nyumba zetu hufundishwa kwamba mbele ya mkubwa macho huinamishwa. Hufundishwa kunyamaza kidogo kabla ya kujibu, ili asionekane mwenye papara. Hufundishwa, zaidi ya yote, kutojisifu. Sifa zako wazitaje wengine. Waswahili husema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto aliyelelewa na methali hiyo tangu utotoni huwekwa mbele ya watu wawili asiowajua, akaambiwa: “Tueleze uwezo wako mkubwa ni upi.” Afanye nini? Akijitembeza, amemkana mamaye. Akinyamaza, hajiamini. Msichana mmoja alijibu kwamba hajui, labda waulizwe walimu wake. Kwetu sisi hilo lilikuwa jibu la mtu aliyelelewa. Kwa wasaili lilikuwa sifuri.

Tutaambiwa kwamba dunia ndivyo ilivyo, na kwamba mwajiri naye atamtaka kijana ajieleze. Sawa. Basi afundishwe kujieleza, na chuo ndicho mahali pa kumfundisha. Haiwezekani kijana atakiwe kuja na kile ambacho anakwenda kukitafuta.

Turudi sasa kwa yule “mtu mzima-mzima”. Maneno hayo yana historia, nayo si nzuri. Katika miaka ya 1920 vyuo vikubwa vya Marekani, yaani Harvard, Yale na Princeton, viliona kwamba vijana wa Kiyahudi wanafaulu mitihani ya kuingilia kwa wingi kuliko vile wakuu wa vyuo walivyopenda. Havikuufanya mtihani kuwa mgumu zaidi. Viliingiza kipimo kipya kilichoitwa tabia, pamoja na picha za waombaji, barua za kuwasifu na mahojiano ya ana kwa ana. Chombo kilichobuniwa ili kumwona mtu kwa ukamilifu kikatumika kumwona ni wa ukoo gani. Hatusemi kwamba kila anayemhoji kijana leo ana nia hiyo. Tunasema kwamba meza isiyo na kipimo kilichoandikwa huacha nafasi kwa nia yoyote, hata ile ambayo mwenye meza haijui kuwa anayo.

Wala tusiende mbali. Jirani zetu wa Tanzania, kwa Azimio la Musoma la mwaka 1974, waliamua kwamba mtu asiingie Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka shuleni. Kwanza afanye kazi, kisha aletewe mapendekezo mazuri kutoka kazini na kwenye chama. Nia ilikuwa njema kabisa: kumpata msomi anayewajua watu wake. Lakini idadi ya wanawake walioingia chuoni ilishuka, hata baada ya miaka michache ikabidi wao waondolewe sharti hilo, na baadaye utaratibu wenyewe ukaachwa. Mtu akipewa mamlaka ya kupima tabia ya mwenziwe, wa kwanza kupunjwa ni yule asiye na wa kumsemea. Na hapa kwetu, nani asiyejua kwamba Shule ya Astrida, iliyoanzishwa mwaka 1929 kuwaandaa watumishi wa serikali ya kikoloni ya Ruanda-Urundi, iliwapendelea wana wa machifu? Wazee wetu wa mitaa ya Waswahili hawakupimwa na kushindwa. Hawakufika hata mezani. Shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na wengi wao, wakiwa Waislamu, walihofia watoto wasibadilishwe dini. Nchi haikuwakumbuka sana mpaka siasa za uhuru zilipoanza, ndipo Mwanamfalme Louis Rwagasore alipopata katika mitaa hii hii baadhi ya wafuasi wake wa mwanzo. (Tunalitaja hili kwa ajili ya wale wacheshi wawili wa pale mezani, kama watausoma ukurasa huu.)

Limebaki suala la fedha, nalo ndilo lililotuudhi kuliko yote. Vijana watatu walikubaliwa. Barua zikachapwa palepale, zikagongwa muhuri, lakini hazikukabidhiwa. Wazazi waliambiwa kwamba nafasi itahifadhiwa kwa atakayelipa sehemu ya karo siku ileile, na kwamba fedha ikishalipwa hairudi. Matokeo ya Mtihani wa Taifa yalikuwa bado hayajatoka. Mwenye kufikiri ataona mara moja mtego ulipo. Bila diploma ya taifa kijana hawezi kuandikishwa katika chuo kikuu. Barua ile ingekuwa karatasi tu. Nayo fedha ingekuwa imekwenda. Mama mmoja aliondoka mbio, akarudi saa tisa alasiri na fedha. Tulikuja kujua baadaye kwamba aliuza cherehani. Cherehani hiyo ndiyo iliyokuwa imemsomesha binti huyo tangu darasa la kwanza.

Huu, basi, ndio uamuzi wa haraka ulivyo ukifika kwetu. Kule unakotoka, mwombaji hupunguziwa gharama siku hiyo na hupewa muda wa kufikiri. Hapa haraka ni ya chuo, na ngoja-ngoja ni ya mzazi. Wameichukua Jumamosi yao wakaiacha huruma yake.

Sasa tujigeukie wenyewe, maana si haki kuwatupia mawe watu wa meza ile na sisi tumekaa kimya kwenye meza zetu. Tangu Burundi ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, walimu wa Kiswahili tumeongezeka nchini, na somo letu limo katika shule. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka huohuo wakuu wa nchi za Jumuiya walikipitisha Kiswahili, pamoja na Kifaransa, kuwa lugha rasmi za Jumuiya. Tulicheza ngoma, tukavaa kanga, tukasoma hotuba. Lakini mtoto wa Jabe, ambaye Kiswahili ndicho lugha ya kwake, tumemfundisha nini cha kumsaidia asimame mbele ya watu? Tumemfundisha kupanga majina katika ngeli na kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Mada ya kujadili hatukumpa. Utani, malumbano ya hoja, kusimulia jambo tangu mwanzo hadi mwisho bila kupotea njia: hayo yote yamo katika utamaduni wetu, na barazani kwao anayafanya kila jioni. Darasani tunamwambia, “Kaa kimya, fungua daftari.” Kijana anayejua kutoa hoja kwa lugha yake hawezi kushindwa kujifunza kuitoa kwa Kifaransa. Asiyewahi kuruhusiwa kuitoa kwa lugha yoyote, huyo ndiye tunayempeleka mezani.

Na tukiri jingine. Baadhi yetu, tukiwa Rohero au maofisini, hatutaki kuulizwa tunatoka mtaa gani. Twabadilisha lafudhi njiani, kabla hata ya kuvuka barabara. Watoto wanatuona.

Tumekiandikia chuo kile barua, kwa adabu zote, yenye mambo manne. Lugha ya usaili na vipimo vyake vitangazwe mwezi mmoja kabla. Alama za shule za mwombaji zihesabiwe kwanza, na mazungumzo yaweze kumwongezea tu, yasimpunguzie. Anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, naye aruhusiwe kurudi. Na fedha yoyote iliyopokewa kabla ya matokeo ya Mtihani wa Taifa irudishwe kwa asiyefaulu. Neno lile la Kirundi hatukulitaja katika barua. Tulishindana sana kuhusu hilo, na waliosema tusilitaje walishinda kwa kura mbili; mwandishi wa mistari hii alikuwa upande wa walioshindwa.

Jibu halijaja mpaka tunapokwenda mitamboni. Tangazo la Jumamosi ijayo ya usaili, lakini, limekwisha kubandikwa kwenye kuta za Bwiza na Jabe. Tunawaomba walimu wenye nafasi tukutane mbele ya chuo saa moja asubuhi. Vijana waliojiandikisha kwetu ni kumi na wanane, na yule wa hisabati ni mmoja wao.