Tasnifu zinazofia njiani: Tusimlaumu mwanafunzi peke yake

Kutangulia si kufika. Sidhani kuna mahali methali hii inapotimia kwa uchungu zaidi kuliko katika vyuo vikuu vyetu hapa nchini, hasa miongoni mwa wanaosomea shahada za uzamili na uzamifu. Msimu wa mahafali unapowadia, magazeti yetu hupambwa kwa picha za wahitimu waliovaa majoho, nao wazazi na jamaa hufurika viwanjani kwa nyimbo na vigelegele. Ni haki yao kushangilia. Lakini ni nani anayewakumbuka wale walioanza safari pamoja nao, wakamaliza masomo yote ya darasani, wakafaulu mitihani yote, kisha wakazama katika kina cha kitu kiitwacho tasnifu, wasionekane tena?

Kwa faida ya msomaji asiyeyajua mambo haya, yafaa nieleze kwa muhtasari. Mwanafunzi akishamaliza masomo ya darasani hutakiwa kuandika pendekezo la utafiti na kulitetea mbele ya wahadhiri wa idara yake. Kisha huomba kibali kutoka kwa Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Baada ya hapo huenda nyanjani kukusanya data, huichanganua, huandika sura moja baada ya nyingine huku akiongozwa na wasimamizi ambao kwa kawaida huwa wawili, huwasilisha kazi kwa watahini, huitetea, hufanya masahihisho, na mwishowe hulipeleka buku lake likajalidiwe kwa jalada gumu lenye maandishi ya rangi ya dhahabu. Hesabu mwenyewe milango iliyopo hapo, kisha ukumbuke kwamba kila mlango una bawabu wake, na kwamba baadhi ya mabawabu huondoka na ufunguo.

Jawabu linalotolewa mara nyingi tunapouliza kwa nini wengi hukwama ni kwamba wanafunzi wa siku hizi ni wavivu. Sikatai kwamba wavivu wapo. Wapo waliojiandikisha kwa tamaa ya kupandishwa cheo kazini, wala hawana haja na maarifa yenyewe. Hata hivyo, hebu tujiulize: mtu aliyekuwa akitoka kazini saa kumi na moja jioni, akakimbilia darasani hadi saa mbili usiku, akafanya hivyo kwa miaka miwili na kufaulu kila somo, uvivu huo humwingia vipi siku ile ile anapoanza kuandika tasnifu? Ugonjwa unaowapata watu wengi namna hiyo, mahali pamoja na kwa wakati mmoja, hauwezi kuwa wa mtu binafsi.

Kwa maoni yangu, chanzo cha kwanza kiko mbali na chuo kikuu. Mtoto wa Kenya hufunzwa kujibu, hafunzwi kuuliza. Kizazi kizima kililelewa katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, kikapitia mtihani wa KCPE hadi ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na muda wote huo kikaamini kwamba kila swali lina jawabu moja lililokwisha kuandikwa katika mwongozo wa kusahihisha. Kisha ghafla, akiwa mtu mzima mwenye mke au mume na watoto, mwanafunzi huambiwa atunge swali ambalo hakuna aliyewahi kulijibu. Hutapatapa. Huchagua mada pana kama Ziwa Victoria, mathalan athari za utandawazi kwa elimu barani Afrika, ilhali angeweza kuuliza kwa nini wasichana wa shule tatu katika wadi moja huacha masomo wakiwa kidato cha pili. Mtu wa kumshika mkono na kumwambia, "Punguza, swali lako halibebeki," ni msimamizi wake. Na hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu.

Namfahamu mwalimu mmoja wa shule ya upili katika eneo la magharibi mwa nchi, mama wa watoto watatu, ambaye alitafiti suala hilo hilo la wasichana kuacha shule. Aliwahoji wasichana na mama zao katika nyumba ishirini, akaandika sura tatu, akazipeleka kwa msimamizi wake katika chuo ambacho sitakitaja. Sura hizo zilikaa mezani miezi saba. Kila alipopiga simu aliambiwa arudi wiki ijayo. Alikuwa akipanda basi usiku kucha kwenda Nairobi, akakaa kwenye ukumbi nje ya ofisi tangu asubuhi, akarudi jioni bila kumwona mtu. Baadaye aligundua kwamba msimamizi alikuwa amekwenda ng'ambo kwa likizo ya utafiti. Msimamizi mpya alipopatikana, alimwambia abadilishe nadharia na kuanza upya. Huu ni mwaka wake wa sita, na kila mwaka amelipa karo. Lakini amenieleza kwamba karo haimuumi kama anavyoumia anapokutana sokoni na wale akina mama, wakamuuliza, "Mwalimu, ile kazi yetu imefika wapi?"

Swali la akina mama hao ndilo linalonikosesha usingizi. Tumezoea kuiona tasnifu kama mali ya mwanafunzi, kwamba ikikufa, hasara ni yake. La hasha. Watu waliofungua milango yao na kusimulia siri za nyumba zao walifanya hivyo kwa kuamini kwamba kuna jambo litakalojulikana. Tasnifu ikifia njiani, ushahidi wao huzikwa pamoja nayo, nayo nchi huendelea kutunga sera kwa kubahatisha.

Historia inatufundisha kwamba utafiti hukua katika malezi. Jomo Kenyatta alipokuwa akisoma anthropolojia jijini London katika miaka ya 1930, alikuwa chini ya Bronislaw Malinowski, na maandishi yake ya wakati huo ndiyo yaliyozaa kitabu Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938 kikiwa na utangulizi wa mwalimu huyo huyo. Wangari Maathai, aliyepata shahada ya uzamifu jijini Nairobi mwaka 1971 na kuwa mwanamke wa kwanza kuipata katika Afrika Mashariki na ya Kati, alifanya kazi chini ya profesa Mjerumani aliyemhimiza na kumfungulia njia ya kwenda kutafiti katika vyuo vya Giessen na Munich. Hawa walikuwa watu wenye vipawa vikubwa, lakini hata wao hawakuachwa peke yao nyikani.

Huenda msomaji akaniambia kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, aliondoka Chuo Kikuu cha Leeds mwaka 1967 bila kuikamilisha tasnifu yake, na dunia haikumkosa. Ni kweli. Lakini Ngũgĩ aliondoka Leeds akiwa ameandika riwaya ya A Grain of Wheat. Wengi wa wanaoondoka vyuoni mwetu huondoka mikono mitupu, wakiwa na deni na aibu.

Si kwamba hatuna kanuni. Viwango vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka 2014 vilisema kwamba mhadhiri asisimamie zaidi ya wanafunzi watano wa uzamili na watatu wa uzamifu katika mwaka mmoja wa masomo. Ni kanuni ya busara. Lakini wakati huo huo tume ilitaka wahadhiri wawe na shahada ya uzamifu, ikawapa wasiokuwa nayo muda wa miaka michache tu. Umati ukaelekea kwenye mlango mmoja mwembamba. Mnamo Juni 2019, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilipowatunuku watu 118 shahada za uzamifu kwa siku moja, taifa lilishtuka, na marehemu Profesa George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu, akaagiza uchunguzi ufanywe. Watu walibishana juu ya wingi wa wahitimu. Mimi naona swali lenye uzito lilikuwa jingine: nani aliwasimamia, na aliwapa saa ngapi? Swali hilo hilo lapasa kuulizwa kila mahali ambapo watu 118 wamekwama, ingawa huko hakuna sherehe ya kumshtua yeyote.

Tuwe waadilifu kwa wahadhiri pia. Mtu anayefundisha madarasa yenye mamia ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, anayesahihisha marundo ya karatasi za mitihani, na ambaye amelazimika kugoma mwaka 2017, 2018, 2024 na tena 2025 ili serikali itimize mikataba iliyotia saini yenyewe, hawezi kuisoma sura ya tatu ya mwanafunzi kwa utulivu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji wetu ameelemewa na wageni. Kosa la mfumo wetu ni kuchukulia usimamizi kama hisani. Vipindi vya darasani huhesabiwa na kuwekwa kwenye ratiba. Saa za kusoma tasnifu hazihesabiwi na yeyote, na kazi isiyohesabiwa ndiyo inayoahirishwa kwanza.

Penye pengo hapakosi mfanyabiashara. Ni jambo linalojulikana ulimwenguni kwamba maelfu ya vijana wetu wasomi hujipatia riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani insha na tasnifu. Filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024 iliwaonyesha bayana, na Uingereza yenyewe ilitunga sheria mwaka 2022 ya kuiharamisha biashara hiyo katika vyuo vya England. Kejeli iliyoje! Kijana wa Nairobi humaliza tasnifu ya mgeni kwa wiki tatu, huku ya dada yake ikioza kwa miaka sita. Na tusidhani biashara hiyo imekomea ng'ambo. Mwanafunzi aliyetelekezwa hunong'onezewa nje ya duka la kupiga chapa kwamba yuko mtu wa kumsaidia kwa malipo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, hata mtu huyo hahitajiki sana, kwa kuwa mitambo ya akili unde hutunga kurasa kwa dakika chache. Lakini mtambo haukwenda katika nyumba zile ishirini, wala haujui mama yupi alinyamaza alipoulizwa kuhusu bintiye. Msimamizi aliyeifuata kazi hatua kwa hatua hutambua papo hapo kurasa ambazo mwanafunzi hakuziandika. Asiyeisoma hadi siku ya kutetewa atatambuaje?

Nini basi kifanywe? Naona mambo matatu. Kwanza, kila chuo kiweke makataa ya maandishi kwa msimamizi kama kinavyomwekea mwanafunzi: sura ikipokelewa, tarehe iandikwe, na maoni yarudishwe katika muda usiozidi siku 30. Msimamizi akishindwa bila sababu, idara imteue mwingine, wala mwanafunzi asilipishwe karo kwa miezi aliyosubirishwa. Pili, saa za usimamizi zihesabiwe katika mzigo wa kazi ya mhadhiri, na kanuni ya watano na watatu ifuatwe kwa vitendo. Chuo kisicho na wasimamizi wa kutosha kisisajili wanafunzi kwa sababu tu karo yao inahitajika. Tatu, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ivitake vyuo vitangaze kila mwaka idadi ya waliosajiliwa katika kila idara, waliohitimu, waliokwama, na muda waliokaa. Mzazi huulizia matokeo ya shule kabla ya kumpeleka mwanawe. Kwa nini anayetafuta shahada ya uzamifu anunue mbuzi kwenye gunia?

Nawe mwanafunzi unayesoma makala haya huku rasimu yako imelala chini ya kitanda, una sehemu yako. Lipunguze swali lako hadi liweze kubebeka. Andika kidogo kila siku, hata kama ni ukurasa mmoja. Haba na haba hujaza kibaba. Kila unapokabidhi sura, weka kumbukumbu ya tarehe kwa maandishi. Tafuteni wenzenu waliokwama, msomeane kazi mara moja kwa wiki, kwani upweke ndio unaoziua tasnifu nyingi kuliko ugumu wa nadharia. Na usiinunue kazi ambayo watu wa kijiji chako walikupa bure.

Wakuu wa vyuo vyetu hupenda kusema kwamba taifa haliwezi kuendelea bila utafiti. Maneno hayo ni matamu, lakini mwalimu wa magharibi bado anasubiri maoni juu ya sura ya nne, na mwaka mpya wa masomo utakapofunguliwa, ankara ya karo itamfikia kabla ya maoni hayo. Siku chuo kitakapoona haya kumtumia ankara hiyo, ndipo nitakapoamini kwamba tumeanza.