WANAGOMBEA KARATASI, SI ALMASI

Ndugu Wanakijiji,

Tangu mwezi uliopita hapa kijijini hakuna maneno mengine ila almasi. Zimekuja kampuni mbili, zote ndogo, kila moja inasema mwenzie ni mwongo. Hii imegawa sukari kwa wazee, ile imeahidi bati za ghala la ushirika. Vijana wa mwaloni nao wamegawanyika kama Simba na Yanga. Mie nasema pande zote mbili mnachezewa.

Jamani, wanagombea nini? Almasi haijaonekana. Wanagombea karatasi, yaani leseni ya utafutaji. Kwa Sheria ya Madini ya 2010, ombi lililosajiliwa kwanza ndilo linalotangulia, ndiyo sababu ya mbio zote hizi. Anayeipata anashika eneo miaka 4, tena anaweza kuomba aongezewe. Kampuni ndogo haina fedha ya kufungua mgodi. Inatoboa mashimo machache, halafu inatafuta kampuni kubwa iiuzie. Huo ni ulanguzi. Afadhali mlanguzi wa dagaa, dagaa wenyewe unawaona!

Eti Mwadui. Haya, Mwadui. Williamson aliigundua mwaka 1940, kule Shinyanga. Lakini mwamba wa kimbelaiti umeonekana mahali pengi Tanzania, na wenye almasi ya kurudisha gharama ni michache mno. Sisi huku Kigoma tumeonyeshwa sukari tu.

Sasa hiyo barua wanayotaka tutie sahihi. Nimeisoma mara tatu, polepole, kama tulivyofundishwa kwenye kisomo. Inasema kijiji "hakina pingamizi lolote." Lolote! Sheria ileile inamkataza mwenye leseni kuingia ndani ya mita 200 za nyumba, au mita 50 za shamba lililolimwa, bila kibali cha maandishi cha mwenye eneo. Hiyo ndiyo ngao yetu. Tukitia sahihi, kesho watatutolea barua hiyo na kusema tuliridhia wenyewe. Na michikichi yetu karibu yote imo ndani ya mita hizo. Ukikatiwa mchikichi leo, mawese utayangoja miaka.

Mkutano Mkuu wa Kijiji ni Jumamosi, saa 3 asubuhi. Tusitie sahihi kwa hii wala kwa ile. Waje wote siku moja, waonyeshe leseni, waseme mbele ya watu watalipa nini kwa kila mchikichi, na iandikwe. Aliyekula sukari yao asione haya kuja. Sukari imekwisha, kura bado anayo.

Katibu wa Tawi