Uteuzi wa Kipakatalishi cha Bei Nafuu Eastlands: Mzazi Aelezwe kwa Lugha Ipi?

Mzazi wa Kayole, Dandora au Umoja anapokwenda soko la Gikomba kumnunulia mwanawe shati la mtumba, hamuulizi muuzaji iwapo shati hilo ni zuri. Hulipindua ndani nje, akakagua mshono, akakunjua ukosi kuona kama umefifia, kisha akaliinua kwenye mwanga kusaka tundu ambalo huenda muuzaji amelifunika kwa kidole. Anaijua tofauti kati ya "kamera", yaani nguo ya daraja la kwanza, na masalio yaliyobakia baada ya wateja wa alfajiri kupita. Elimu hiyo hakuipata darasani. Ameirithi sokoni, na ameirithi kwa lugha anayoimudu.

Mzazi huyo huyo akifika Barabara ya Luthuli au Barabara ya Moi kununua kipakatalishi, ambacho aghalabu nacho ni mtumba, ujuzi wake wote humtoka. Hukitazama kwa juu juu, akavutiwa na mng'ao wa kifuniko, akaambiwa, "Mathe, hii ni ex-UK, ni Core i7, haina shida," akatoa fedha za chama alizoziweka mwaka mzima. Aliyekataa shati kwa sababu ya kifungo kimoja kilicholegea hununua mashine asiyoijua umri. Kilichompungukia si akili wala uangalifu. Ni msamiati. Na ni dhahiri shahiri kwamba wanaodai kuwa walezi wa msamiati huo ni wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

Haja ya kifaa chenyewe haipingiki. Somo la kompyuta hutahiniwa katika KCSE kwa karatasi tatu, yaani nadharia, vitendo na mradi. Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linatarajiwa kufanya mtihani huo mwaka 2027, na tangu Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wameingia shule za upili za daraja la juu, ambako somo hilo ni mojawapo ya chaguo katika mkondo wa sayansi na teknolojia. Mradi hauwezi kukamilishwa kwa vipindi vya dakika 40 katika maabara ambamo mashine hushirikiwa. Ama ahadi ya serikali, historia yake inajulikana. Ahadi ya kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza iliyonadiwa katika kampeni za mwaka 2013 iligeuka kuwa vishikwambi, navyo vikaanza kupelekwa katika shule za msingi mwaka 2016. Mzazi wa shule ya upili hakuwamo katika hesabu hiyo.

Hata hivyo, kabla ya kufungua kibeti, mzazi anapaswa kumwendea mwalimu wa somo. Mtoto akiwa katika shule ya bweni isiyoruhusu vifaa hivyo, kipakatalishi kitalala kabatini miezi mitatu kikichakaa bure, na fedha zile zingeweza kusubiri. Akiwa katika shule ya kutwa, mwalimu ndiye atakayesema ni programu zipi zinazofundishwa. Jambo hili si dogo. Iwapo shule inafundisha hifadhidata kwa Microsoft Access, mashine isiyoweza kuiendesha programu hiyo itamwacha mtoto akifanya nyumbani kitu kimoja na mtihanini kingine.

Sasa shati lipinduliwe. Kibandiko cha "Core i5" au "Core i7" hakitoi habari ya umri. Habari hiyo imo katika nambari inayofuata kistari. Palipoandikwa i5-6300U, tarakimu 6 huonyesha kizazi cha sita. Palipoandikwa i5-8250U, ni kizazi cha nane. Nambari hiyo huonekana kwenye skrini mara mtu anapofungua ukurasa wa maelezo ya mfumo, na muuzaji anayekataa kuufungua amekwisha kujibu swali. Core i7 ya kizazi cha nne, ambayo ni ya karibu mwaka 2013, ina bongo mbili tu katika vipakatalishi vingi vyembamba vya ofisini. I5-8250U ya mwaka 2017 inazo nne. Kwa hiyo "saba" iliyozeeka hushindwa na "tano" ya baadaye, ingawa kibandani ile saba ndiyo inayotajwa kwa mbwembwe.

Kuna mtego mwingine ulio karibu na huo. Vipakatalishi vya HP EliteBook hubeba alama kama G3 na G5. Wanunuzi wengi huzisoma kuwa ni kizazi cha tatu na cha tano. La hasha! Hizo ni hesabu za kampuni yenyewe kwa matoleo yake. EliteBook 840 G3 ya mwaka 2016 hubeba kichakata cha kizazi cha sita, na G5 ya mwaka 2018 aghalabu hubeba cha nane. Lenovo ThinkPad T480 na Dell Latitude 5490 ni za mwaka huo huo wa 2018.

Kizazi cha nane kinatajwa mara kwa mara kwa sababu moja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 haivikubali rasmi vichakata vya Intel vilivyotangulia kizazi cha nane, isipokuwa vichache mno. Ofisi za Ulaya zinapoziondoa mashine zisizokidhi sharti hilo, hazitupwi zote. Nyingine huishia kwenye vibanda vya Nairobi kwa bei inayomfurahisha mteja. Wapo mafundi wanaoweza kuilazimisha Windows 11 iingie humo, lakini huo ni mshono wa fundi asiye na dhamana. Mzazi asiyeweza kupata zaidi ya kizazi cha sita au cha saba bado ana njia ya halali, nayo ni kuweka Linux, ambayo ni ya bure na hupokea marekebisho ya usalama, mradi tu mwalimu aulizwe kwanza kuhusu programu za mtihani.

Penye utata mkubwa zaidi ni neno "memori". Muuzaji husema, "Hii iko na memori mia tano," naye mzazi akatulia kwa kuwa mia tano ni nyingi. Ukweli ni kwamba muuzaji anataja diski, mahali pa kuwekea faili, ilhali RAM, ambayo ndiyo huamua kama mashine itakwenda au itajikokota, huenda ni GB 4 tu. Lawama hii haimwangukii muuzaji peke yake. Kiswahili cha vitabuni nacho hutumia "kumbukumbu" kwa vyote viwili pasipo kuvitenganisha, na mwanafunzi wa isimu hupita bila kushtuka. Mama anayepika chapati Kariobangi angeielewa tofauti hii kwa pumzi moja. Diski ni debe la unga. RAM ni ubao wa kusukumia. Debe likiwa kubwa kiasi gani, ubao ukiwa wa kiganja chapati zitasukumwa moja moja na foleni itafika barabarani. Windows 11 hukubali kuanza na GB 4, lakini mtoto akifungua kivinjari, lahajedwali na programu ya kuandikia kwa pamoja, ubao umekwisha. GB 8 ndicho kiwango cha kumwezesha kufanya kazi bila manung'uniko. Mashine kama T480 zina nafasi za kuongezea RAM baadaye. Nyingine nyembamba zimeunganishiwa RAM moja kwa moja kwenye bodi, na kilichopo ndicho hicho hadi mwisho.

Debe lenyewe nalo lina aina. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, huchelewa na huogopa kutikiswa, jambo la kuzingatiwa na mtoto anayepanda matatu za Barabara ya Jogoo. Diski ya SSD haina kinachozunguka. SSD ya GB 256 humfaa mwanafunzi kuliko diski ya kuzunguka ya GB 500, ijapokuwa nambari ya pili ndiyo kubwa.

Wapo watakaouliza kwa nini mzazi asinunue kipya dukani na kuepukana na wasiwasi huu wote. Rai hiyo ina uzito pale fedha zilipo. Lakini vipakatalishi vipya vya bei ya chini kabisa mara nyingi huja na kichakata dhaifu cha Celeron, RAM ya GB 4 isiyoongezeka na hifadhi ya GB 64, ambayo Windows na masasisho yake huimeza kabla mtoto hajaandika sentensi. Mng'ao wa sanduku haupunguzi ufinyu wa ubao. Mashine ya ofisi iliyotumika miaka kadhaa, ikiwa ni ya kizazi cha nane na imekaguliwa, itamhudumia mwanafunzi vyema kuliko hicho kipya. Aidha, kibodi na bawaba zake zilitengenezwa kwa mtu wa kuchapa kutwa nzima.

Unafuu mwingine wa kutiliwa shaka ni ule wa kulipa kidogo kidogo kila siku. Shilingi 100 kwa siku husikika kama nauli. Kwa siku 365 ni shilingi 36,500, na bado kuna malipo ya awali. Mzazi azidishe kabla ya kutia sahihi.

Betri ndiyo hutangulia kuchoka katika kifaa cha mtumba. Katika nyumba ya Kayole au Mathare ambamo tokeni za umeme zinaweza kwisha saa mbili usiku, betri ya dakika ishirini ni sawa na kutokuwa na betri. Agizo powercfg /batteryreport, likiandikwa katika kidirisha cha maagizo cha Windows, hutoa ripoti inayolinganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Uwezo huo ukiwa chini ya nusu, bei iteremke au betri ibadilishwe mbele ya mteja. Isitoshe, mashine izimwe na kuwashwa tena kibandani, tena mara mbili, ili kuhakikisha kwamba haidai nywila ya kampuni iliyoimiliki ng'ambo. Kifaa kilichofungwa kwa namna hiyo kinaweza kumgeuka mnunuzi siku yoyote. Risiti yenye nambari ya mashine ichukuliwe, na muda wa dhamana uandikwe juu yake badala ya kutamkwa tu.

Haya yote yanaweza kusemwa kwa Kiswahili. Hapo juu yamesemwa. Linalotatiza ni kwamba yamezoeleka kusemwa kwa Kiingereza cha maduka na kwa Sheng ya vijana wanaouza, huku wasomi wakibishana iwapo chombo kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Mjadala huo umepewa kurasa nyingi kuliko faida yake. "Kipakatalishi" ni neno zuri, kwani kupakata ni kuweka mapajani kama mtoto, na kila mzazi anakijua kitendo hicho. Walakini istilahi hiyo huishia kwenye kifuniko. Ndani ya chombo, mahali ambapo fedha hupotea, msomi humwachia muuzaji aseme.

Jitihada zilizowahi kufanywa zinaonyesha kwamba uwezo upo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, na miaka michache baadaye Microsoft nayo ilikuwa imetoa sura ya Kiswahili ya programu zake. Maneno ya kwenye menyu yalitungwa, yakajadiliwa, yakachapishwa. Yaliyotungwa ni ya mtu aliyekwisha kukaa mbele ya mashine. Ya mtu aliyesimama kaunta na elfu ishirini mkononi hayakutungwa na yeyote.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinao wanachama waliozaliwa Buruburu, Jericho na Kariobangi, na wengi wao wamewahi kununua mashine hizi kwa jasho lao. Karatasi moja ya maswali saba, kwa Kiswahili anachokielewa mama wa genge, inaweza kubandikwa katika maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo zimekarabatiwa na shirika la Book Bunk na ambamo watoto wa mitaa hiyo husomea. Itahitaji maneno machache tu, na baadhi yake yamekwisha kuzaliwa. Wauzaji wenyewe husema "jenereshen ya nane". "Kizazi cha nane" hakimpotezi yeyote kati yao. "Ubao" na "debe" huenda visipite katika baraza la istilahi, lakini vitapita Luthuli. Na mzazi akiuliza, "Kijana, nionyeshe nambari iliyo baada ya kistari," muuzaji atalazimika kuigeuza mashine na kuiwasha.